Hii ‘midomo iliyopasuka’ ni ipi hasa?

Mwezi Julai nikiwa Majengo, mjini Meru, nilikuta tangazo limebandikwa ukutani penye duka: watoto wenye “midomo iliyopasuka” waletwe watibiwe bila malipo. Mama mmoja aliyekuja kununua maziwa alilisoma kwa sauti, akacheka. “Mwalimu, si hawa wetu wote midomo imepasuka? Na hii baridi!”

Nilicheka naye. Kicheko kiliniisha aliponieleza kuhusu jirani yake, ambaye mtoto wake wa miezi mitatu hutokwa na maziwa puani kila anaponyonya. Midomo ya mtoto huyo ni mizima. Tatizo liko kwenye kaakaa. Mamaye alikuwa amelisoma tangazo lilo hilo, akaona halimhusu, akaenda zake.

Tangazo halina kosa la sarufi. Udhaifu wake ni kubebesha kirai kimoja hali ambazo madaktari huzitenga. Katika toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, la Shirika la Afya Duniani, magonjwa ya midomo yako chini ya K13.0. Kijana aliyeanguka akapasuka mdomo huandikiwa S01.5, yaani jeraha. Aliyezaliwa na mwanya mdomoni ni Q36, na mwenye mwanya kwenye kaakaa pekee ni Q35. Akiwa nazo zote mbili, haandikiwi Q35 na Q36, bali Q37. Tena Q37.5 hutaja mambo matatu kwa mpigo: kaakaa gumu, kaakaa laini na mdomo upande mmoja. Herufi moja na tarakimu tatu zimesema kuliko tangazo zima! Na istilahi zenyewe tunazo. Sisi walimu wa fonetiki tumezifundisha miaka nenda miaka rudi.

Kisha kuna kitenzi chenyewe. Kinachopasuka sharti kwanza kiwe kizima. Lakini pande za mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya ujauzito, na kwa mtoto huyu hazikuungana. Hakuna kilichopasuka. Hata hivyo, ukishasema “umepasuka”, watu watauliza umepasuliwa na nini, na anayeulizwa ni mama. Nimemsikia mmoja akihojiwa na wakwe kama alishika kisu jua lilipopatwa. Herufi Q haina maswali hayo. Sura yake ni ya kasoro ambazo mtu huzaliwa nazo, basi.

Ndugu zetu wa Tanzania husema “mdomo sungura”. Picha inaonekana, lakini mtoto ataitwa jina la mnyama hadi shuleni, na mshono ukishapona jina litabaki. (Tusiwacheke. Chini ya Q36 mna jina la Kilatini, labium leporinum, ambalo maana yake ni hiyo hiyo ya sungura.)

Mimi ningependekeza “mwanya”: mwanya wa mdomo, mwanya wa kaakaa, mwanya wa mdomo na kaakaa. Mwanya ni nafasi kati ya pande mbili zisizokutana, haumtuhumu mtu. Najua nitaambiwa kuwa mwanya wa meno ni urembo, na kwamba mzazi atalichukulia jambo kwa wepesi. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu upasuaji wa kaakaa haufai kucheleweshwa. Kwa kawaida mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi mitatu hivi, na kaakaa kabla hajatimiza miezi 18. Akichelewa, hewa ya /p/, /t/ na /k/ humpitia puani, naye hukua akisema kwa king’ong’o.

Ila wasiwasi huo huondolewa na sentensi moja ya ziada, siyo na kitenzi kibaya. Waandishi wa tangazo lile wangeongeza tu: “Hata kama midomo ni mizima, mtoto anayetokwa na maziwa puani aletwe pia.”