Msimulizi na Mwandishi katika Uhakiki wa Riwaya

Miongoni mwa istilahi za msingi anazokabidhiwa mwanafunzi wa fasihi, msuko, dhamira, wahusika na mandhari zimezoeleka mno hata hutajwa bila kufikiriwa. Istilahi ya msimulizi haikupata bahati hiyo. Aghalabu mhakiki huandika "mwandishi anasema", kisha hunukuu maneno ambayo mwandishi hakuyasema kwa nafsi yake.

Kosa hili lina asili. Katika ngano, mtambaji yupo mbele ya hadhira kwa sauti na mwili; akisema "Paukwa!" huitikiwa "Pakawa!", na kila asikiaye ajua kwamba mazungumzo ya kawaida yamekoma. Kitabu hakina kiitikio cha namna hiyo. Sauti isiyo na mwili hutafutiwa mwenyewe, na jina lililo karibu ni lile la jaladani. Shaaban Robert naye aliyakuza mazoea hayo: katika Kusadikika (1951) mawaidha ya msimulizi yako karibu sana na ya mwandishi, hata kuwatenganisha huonekana kazi bure.

Mazoea hayo hayaifai Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Riwaya hii husimuliwa na Kazimoto, kijana wa Chuo Kikuu, kwa nafsi ya kwanza. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, naye alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ulinganifu huo humshawishi msomaji kumtwika mwandishi kila neno la kukata tamaa litokalo kinywani mwa Kazimoto. Ilhali Kazimoto hujiua, na Kezilahabi aliishi hadi mwaka 2020. Bila shaka si marehemu aliyeupeleka mswada kwa mchapishaji.

Lililo zito zaidi ni hukumu. Kazimoto anamlaani Manase kwa kumharibu Rukia, umbu lake. Kisha yeye mwenyewe humwendea Sabina, umbu la Manase, akiwa na kisasi moyoni. Lawama zake, basi, ni ushahidi juu yake kabla ya kuwa ushahidi juu ya Manase. Mhakiki aandikaye "mwandishi anamlaumu Manase" ameifuta kejeli hiyo yote kwa neno moja, na riwaya inabaki mkononi mwake kama hotuba ya kijana mwenye uchungu.

Rosa Mistika (1971) ina ugumu wa namna nyingine. Ilipopigwa marufuku shuleni nchini Tanzania, hapakuwa na Kazimoto wa kubebeshwa lawama. Msimulizi wake hana jina wala hashiriki katika matukio, kwa hiyo ni rahisi zaidi kumdhania kuwa ni Kezilahabi. Istilahi "nafsi ya tatu" yenyewe huchangia upotovu huo, kwani hueleza namna anavyotajwa mwenye kusimuliwa, wala haisemi lolote juu ya anayesimulia.