Tembe si ya dawa tu

Majuzi hapa Shirere nilisimama kwa jirani yangu anayefuga kuku. Nilikuwa natafuta kuku wa mayai, nikamwonyesha mmoja mwekundu aliyenipendeza. Mama akacheka. "Huyo bado msichana, mwalimu. Yai lake la kwanza hata mimi sijaliona. Kama wataka mayai leo, chukua yule mwenye kelele." Nikamuuliza, huyo msichana kwa Kiswahili anaitwaje? "Si kuku tu?"

Jibu hilo lilinirudisha kwenye kamusi kongwe. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza inayotambulishwa kwa jina la Frederick Johnson ilichapishwa 1939, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Iliegemea kamusi ya 1903 ya A. C. Madan, mmishenari aliyefanya kazi Unguja. Sizisifu kupita kiasi. Maelezo yake ni ya Kiingereza, na samaki wengi humo wameishia kuelezwa kuwa aina ya samaki, basi. Lakini kwa mifugo, watu waliompa Madan maneno walijua walichokuwa wanasema.

Kuku jike aliyekua lakini hajataga ni tembe. Mtetea ni kuku wa kutaga, na jina lake linahusiana na kutetea, ile sauti ya kuku wa mayai. Jogoo mchanga ambaye hajaanza kuwika ni pora. Jike la kuzalisha, liwe la kuku au la mbuzi, ni koo. Ng'ombe jike ambaye hajazaa ni mtamba, na mbuzi au kondoo aliyekua bila kuzaa bado ni mfarika. Tazama kigezo kinachotumika. Hakitazami rangi wala ukubwa, kinatazama mnyama amefika wapi katika safari ya uzazi. Jirani yangu anatumia kigezo hicho hicho kila siku. Anachokosa ni jina.

Wiki hiyo hiyo niliwauliza wanafunzi wangu maana ya maneno hayo. Tembe? Ni ya dawa. Pora? Ni kuiba kwa nguvu. Koo? Linaniwasha, profesa. Kutetea? Ni kutetea haki. Nikaongeza beberu, nao wakanijibu kwa sauti moja: mkoloni. Hakuna aliyemtaja mbuzi dume. Kwa hiyo maneno hayakufa, yapo midomoni mwetu kila siku. Aliyetolewa ndani yake ni mnyama.

Wapo watakaosema vijana ni wavivu wa kusoma. Sikubali. Kamusi zetu za sasa bado zinayo maneno mengi ya aina hii. Kasoro ni namna tulivyoyafundisha. Katika mfumo wa 8-4-4 yaliingia darasani kama orodha: mnyama upande huu, mtoto wake upande ule. Mwanafunzi akakariri kwamba mtoto wa simba ni shibli, akapata alama yake, akasahau. Hivi ni nani hapa Kakamega atakayehitaji neno shibli wiki hii? Lakini tembe yuko uani kwake, na orodha iliyapa maneno hayo mawili uzito mmoja. Neno lililofundishwa bila sentensi ni kama mbegu iliyohifadhiwa kwenye chupa.

Hasara yake si ya lugha peke yake. Niliwahi kusoma kijitabu cha ufugaji kilichoagiza kwamba "kuku wakubwa" walishwe chakula cha kuku wa mayai. Chakula hicho kina kalisi nyingi kwa ajili ya gamba la yai. Kuku ambaye bado hajakaribia kutaga akilishwa kwa muda mrefu, figo zake zaweza kudhurika. Kuku mkubwa ni yupi basi? Tembe ni mkubwa, na mtetea ni mkubwa. Mwandishi angetumia maneno hayo mawili na kuyaeleza mara moja tu, mfugaji asingebahatisha.

Najua kuna hoja dhidi yangu, nayo ina uzito. Maneno haya ni ya pwani. Kumwambia mfugaji wa Shirere "tembe" ni kumpa fumbo badala ya lile "kuku mkubwa". Ni kweli, ikiwa tutamrushia neno na kuondoka. Ndiyo maana nawaomba watunga kamusi wasiridhike na kutuambia neno ni la kuku jike. Watuambie dalili: ametaga au hajataga, amezaa au hajazaa. Kisha watupe sentensi inayotoka zizini au uani. Waandishi wa vijitabu nao wayaweke maneno haya kazini, kwani mfugaji hahitaji kufundishwa tofauti anayoijua tayari.

Nilimnunua yule kuku mwekundu, nikamwacha kwa jirani nikijenga kibanda. Nikamwambia huyo ni tembe. "Tembe ya malaria?" Tukacheka, nikamweleza. Siku chache baadaye aliniita kutoka ng'ambo ya ua: "Mwalimu, tembe wako ametaga!"

"Basi mama," nikamjibu, "kuanzia leo si tembe tena."