Sifa za Gome

Wanaosifu bonsai, miti inayodumazwa chunguni, husifu matawi: waya ulivyofungwa, shina lilivyopindwa, mbuyu wa kimo cha dhiraa moja unaojifanya mzee wa karne. Mimi namsifu aliyejiinamia uani na gunia la magome na chekeche mbili, akiandaa cha kujaza chungu mahali pa udongo. Kazi yake haionekani, na mti mzima umeiegemea.

Anayetafuta gome zuri Tanzania aelekee Mafinga. Huko Mufindi ndiko uliko msitu wa Sao Hill, shamba la miti lililo kubwa kuliko yote nchini, na sehemu kubwa ya miti yake ni misonobari, hasa patula, mgeni kutoka Meksiko. Viwanda vya mbao vinapopasua magogo hubakiza mabanzi, yale mapande ya nje ambayo bado yana gome. Wengi huyaona kuni tu. Fundi wa bonsai huyageuzageuza na kuchagua, kwa kuwa gome la mti mmoja si moja. Huko juu ni jembamba, jekundujekundu, linabanduka kama karatasi, hilo aliache. Atake la chini, karibu na kisiki, lililo nene na lenye mifereji, ambalo ukilivunja hutoa vipande. La mkaratusi huchanika nyuzinyuzi, na nyuzi hulala chunguni zikazibana.

Kisha ni kazi ya kisu. Ndani ya gome hung'ang'ania vibanzi vyeupe vya mti wenyewe, navyo lazima vitolewe. Gome lina lignini nyingi, huoza polepole. Ule weupe huoza haraka, na vijidudu vinavyouozesha huhitaji nitrojeni, ambayo huichukua palepale mizizi inapoitafuta. Majani yakipauka mwenye mti hulaumu jua, hulaumu maji, humlaumu hata aliyemuuzia mche. Hata gome safi, likiwa bichi, lina wizi huo kwa kiasi chake. Ndiyo maana hulundikwa kwanza, likanyunyiziwa maji, likachanganywa na samadi kidogo ya kuku, likageuzwa kila linapopata moto. Ni shughuli ya miezi, na pua ndiyo hakimu: mwanzoni lundo hunuka utomvu mkali, na likiiva hunukia udongo wa msituni baada ya mvua. Asiye na subira ya kungoja harufu ibadilike afadhali apande mchicha.

Lakini ufundi wenyewe, kwangu, umo katika kuchekecha. Chekeche ya kwanza ina matundu ya milimita 6, ya pili milimita 3; kinachopita ya kwanza na kukataa kupita ya pili ndicho kinachokwenda chunguni. Mgeni akiona vumbi linavyomwagwa atadhani ni ubadhirifu, maana ndilo linalofanana na udongo. Ajue tu kwamba katika kila chungu maji yakishachuruzika hubaki tabaka lililolowa chini kabisa, na kimo chake hutegemea ukubwa wa chembe, wala si kina cha chungu. Kwenye ndoo yenye mche wa mwembe tabaka hilo halidhuru. Kwenye chungu cha bonsai, chenye kina cha vidole vitatu, chembe zikiwa laini tabaka hilo huweza kujaa mpaka juu na mizizi ikakosa hewa. Vumbi huziba mianya, na mianya ndiyo bidhaa inayotengenezwa hapa.

Wajapani wana akadama, udongo wao wa volkano unaochimbwa eneo la Kanto, na wapo wanaouagiza kutoka mbali kana kwamba mti utajua asili yake. Mimi naridhika na theluthi moja ya gome, zilizobaki ziwe kokoto nyepesi za volkano. Mkuyu hufurahia gome zaidi. Mbuyu upunguziwe, haupendi kukaa na unyevu.

Kabla ya kupanda, gome liloweshwe usiku kucha. Likikauka kabisa hukataa maji: unamwagilia, yanateleza pembeni na kutokea tunduni, huku katikati pakiwa pakavu. Na kwa kuwa nalo mwishowe huoza na kuwa lile vumbi lililokimbiwa, baada ya miaka michache mti hung'olewa na mchanganyiko kubadilishwa. Fundi mzuri wakati huo ana lundo jingine ambalo limeshaacha kunuka utomvu.