Serifoni na Afsantini: Jina la Dawa ni Amana

Miongoni mwa makosa yanayojirudia katika maandishi ya tiba za mitishamba ni kuchanganya majina. Msomaji huambiwa kuwa afsantini, shihi na pakanga ni kitu kimoja, kwamba kinaua minyoo ya tumbo, na kwamba hivyo ndivyo walivyosema matabibu wa Kiislamu. Tumeona ni vyema tuirejeshe kauli hii kwenye asili yake.

Asili hiyo ni Uyunani. Dioscorides, tabibu wa karne ya 1 Miladia, alitofautisha mimea hii. Apsinthion, ambao Waarabu waliuita afsantini, aliusifu kwa maradhi ya tumbo na nyongo. Mwingine ni seriphon, uitwao pia apsinthion wa baharini. Huu alisema hauliafiki tumbo, lakini ukichemshwa peke yake au pamoja na mchele, kisha ukatumiwa na asali, huua minyoo midogo na ile ya mviringo. Basi anayeipa afsantini sifa ya serifoni kwa kumtegemea Dioscorides, hakumsoma sawasawa.

Kitabu hicho kilifasiriwa Baghdad katika karne ya 3 Hijria na Istifan bin Basil, na Hunayn bin Ishaq akaisahihisha kazi yake. Ibn Juljul wa Andalusia ameeleza kuwa Istifan aliandika jina la Kiarabu pale alipolijua; asipolijua aliliacha kwa Kiyunani, akitaraji Mwenyezi Mungu atamleta baadaye mwenye kulijua. Mtu anaweza kuuona huo kuwa upungufu wa tafsiri. Sisi tunauona kuwa ndio ubora wake, kwani hakubahatisha. Na kweli walikuja wenye kujua: mwaka 340 Hijria (951) mtawa Nikola aliwasili Cordoba, akashirikiana na matabibu wa huko kuyabainisha majina yaliyobaki. Mwaka 372 (982) Ibn Juljul akaandika kitabu cha kuyafafanua.

Je, tofauti hii ina uzito gani leo? Mwaka 1830 ilitolewa santonini kutoka mmea wa jamii hiyo hiyo. Iliua minyoo kweli, lakini ilidhuru macho na mishipa ya fahamu, na ikaachwa zilipopatikana dawa salama zaidi. Afsantini nayo ina thujoni, ambayo ikizidi huleta degedege, na haifai kwa mjamzito. Jina likikosewa, anayeumia ni mgonjwa, na mara nyingi mgonjwa wa minyoo ni mtoto.

Hapa ndipo fiqhi inapoingia. Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah wamepokea hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini. Ibn al-Qayyim ameifafanua katika Zad al-Ma'ad, akamtenganisha tabibu hodari aliyeitekeleza kazi yake ipasavyo na mjinga anayejitwika asilolijua. Kwa maoni yetu, anayeandika au kuhutubia kuhusu dawa asiyoweza hata kuitambua yuko karibu zaidi na huyo wa pili.

Kwa hiyo, enyi maimamu na wanafunzi, mkiulizwa juu ya mti wa dawa, ulizeni kwanza: ni mti upi hasa? Asiyejua na aseme hajui, kama alivyofanya Istifan.

Wallahu aalam.