Picha za arusi Goma: mawazo mapya tuyatafute wapi?

Katika mji wetu hakuna arusi bila picha. Wakitoka kanisani, maarusi wanasindikizwa na magari mpaka kando ya Ziwa Kivu, na pale njo pozi zinaanza: bwana ameshika kiuno, bibi ameinamisha kichwa, maji nyuma yao. Weka albamu kumi juu ya meza, funika nyuso: hutajua nani ni nani. Vijana wapiga picha wanatuambia kwamba mawazo yamekwisha. Sisi tunaona hayajakwisha. Yanatafutwa tu pahali si pake.

Wengi wanayatafuta ndani ya simu, kwa picha za Paris na Dubai. Kuiga si dhambi, maana hata ufundi wenyewe ulitoka ng'ambo. Lakini tuwaangalie wale walioufanya kuwa wetu. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka wa 1948, alitundika shuka ya kitanda chake iwe pazia la nyuma. Jean Depara (1928-1997) alibeba mashine yake usiku katika bari za Kinshasa, akapiga picha vijana wa rumba vile walivyotaka kuonekana. Hawakuhitaji mandhari ya ajabu. Wazo lilitoka kwa mtu aliyesimama mbele yao.

Na hapa Goma je? Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitapika, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Kwa mawe yale meusi watu wamejenga kuta za nyumba zao. Simamisha bibi arusi mwenye kitenge cha rangi kali mbele ya ukuta kama huo, uone! Tena, watu wanapenda kupiga picha mbele ya ile sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu. Lakini chukudu ya mbao, iliyobeba makaa na viazi ili bwana arusi apate kusoma, haionekani katika albamu hata mara moja. Hatusemi umasikini ugeuzwe pambo. Mwenyewe akikataa, basi. Tunasema asiufiche mkono uliomlea.

Jambo hili si la mchezo. Dunia inaijua Goma kwa picha za wakimbizi wa 1994, za volkano, na za vita vilivyofika mjini Januari 2025. Picha zile ni za kweli, lakini si sisi wote wala si maisha yetu yote. Sasa kama na sisi wenyewe tunajipiga picha sawa watu wa pengine, wajukuu watatujua kwa njia gani? Mwacha asili ni mtumwa.

Kwa hiyo, ndugu mpiga picha, mbele ya kufungua mashine uliza: mlikutana wapi? Nani aliwalea? Mikono yenu inafanya kazi gani? Majibu yale njo mawazo mapya, na hakuna arusi mbili zitakazokupa majibu sawasawa.