Ufundi wa Kungoja

Amri ya passwd, inayobadilisha nywila kwenye Unix, kwa jadi haikubali majibu yaliyoandaliwa kwenye faili. Inataka kuuliza yenyewe, kwenye terminali, na ijibiwe na mtu. Kwa seva moja hilo si tatizo. Zikiwa arobaini, msimamizi wake anaingia moja baada ya nyingine, akijibu maswali yale yale mpaka jioni.

Mwaka 1990 Don Libes wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, alitoa programu ya Expect, aliyoijenga juu ya lugha ya Tcl. Expect huipa passwd terminali bandia, nayo passwd huuliza ikiamini kuna mtu. Libes aliambatanisha skripti iitwayo passmass, ambayo hubadilisha nywila kwenye mashine nyingi kwa amri moja.

Ninachokipenda zaidi hapa ni jinsi Expect inavyongoja. Skripti ya haraka haraka hutuma jina, hulala sekunde tano, kisha hutuma nywila. Mtandao ukiwa mzito siku hiyo, nywila inafika kabla ya kuulizwa na pengine inaonekana wazi kwenye skrini. Expect husoma kila herufi inayoingia, na haijibu mpaka ione swali lenyewe. Usipoiambia vingine, hungoja sekunde 10.

Zisome skripti za mafundi wazoefu. Wanaiandikia ingojee “assword:”, bila herufi ya kwanza, kwa sababu mashine moja huanza na P kubwa na nyingine na p ndogo. Jibu nalo hulimaliza kwa \r badala ya \n, maana hicho ndicho kinachotumwa na kitufe cha Enter. Ni mambo madogo, lakini yanaonyesha mtu aliyeketi akaitazama mashine kwa makini.

Lakini si kila swali lijibiwe na skripti. Ssh, programu ya kuingia kwenye mashine ya mbali, ikikutana na seva ngeni huuliza kama unauamini ufunguo wake. Wengi huiandikia skripti ijibu “yes” papo hapo. Mimi naona hapo isimame, kwani swali hilo ndilo linalomzuia tapeli anayejifanya seva yako.

Siku hizi funguo za ssh na Ansible, zana ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja, zimebeba sehemu kubwa ya kazi hii, na ni salama kuliko nywila iliyoandikwa ndani ya skripti. Ila kwa kifaa cha zamani kinachojua kuuliza na kujibiwa tu, Expect bado inafaa, hasa kwa amri yake ya interact: skripti ikikwama inakukabidhi kibodi, unatatua mwenyewe, kisha inaendelea pale ulipoachia.