Desemba 2018: aliyekata tiketi mapema ndiye aliyeadhibiwa

Katikati ya Desemba 2018, ikiwa imebaki wiki moja hivi kufika Krismasi, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iliipa Fastjet Tanzania, shirika la ndege la bei nafuu, notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni. Mkurugenzi Mkuu wa wakati huo, Hamza Johari, alitaja madeni, akataja kampuni kubaki na ndege moja, akataja kukosekana kwa meneja anayewajibika mbele ya mamlaka. Siku chache baadaye kampuni ikafuta safari zake zote za Desemba na Januari. Tulioifuatilia habari ile tunakumbuka mabishano yaliyofuata, nani mkweli na nani mwongo, na mengi yalisemwa ambayo sina haja ya kuyarudia. Ninachokirudia ni kimoja. Sababu za notisi zilikuwepo, lakini tarehe yake, na uamuzi wa kutoipa kampuni njia ya kuwabeba waliokwisha kulipa, ulikuwa kosa la wazi. Anayetafuta nauli nafuu ya sikukuu kwenda nje ya nchi bado analilipia kosa hilo hadi leo.

Tuutazame uamuzi wenyewe kwa utulivu. Lawrence Masha, waziri wa zamani wa Mambo ya Ndani, alikuwa ameichukua kampuni kutoka kwa wenye hisa wa nje wiki chache tu kabla. Alisema hadharani kwamba alitafuta ndege ya kukodi, Boeing 737, ili kuziba pengo, na kwamba ilizuiwa. Mamlaka ikajibu kwa hoja ya deni: lipeni kwanza. Kwa mwenye duka hoja hiyo inatosha, mteja asiyelipa hakopeshwi tena. Lakini mdhibiti wa usafiri wa anga si mwenye duka. Mbele yake kulikuwa na makundi mawili ya watu, wanaoidai kampuni na abiria wenye tiketi mkononi. Wanaoidai kampuni wangeweza kusubiri hadi Januari 10 bila kupoteza chochote cha maana, kwa sababu deni halikuwa limezaliwa wiki ile. Abiria wa tarehe 22 Desemba hana Januari 10. Kiti chake kikipotea, kimepotea, na kurudishiwa fedha mwezi au miezi baadaye hakumpatii kiti kingine kwa bei aliyokatia Julai. Notisi yenyewe ilikuwa ya siku 28, maana yake ingekwisha katikati ya Januari, baada ya wote kufika walikokuwa wakienda. Muda wa kuwabeba ulikuwemo ndani ya karatasi ileile iliyowaacha chini.

Ufundi wa kuwabeba nao haukuwa mgumu. Mamlaka ingeweza kupiga marufuku tiketi mpya kuanzia siku ileile, ikaruhusu ndege ya kukodi iingie pamoja na marubani wake kwa kibali cha wiki nne, ikadai ada za kutua na za huduma zilipwe taslimu kabla ya kila safari, na mauzo yote ya kipindi hicho yapite kwenye akaunti inayosimamiwa. Kampuni ikishindwa masharti hayo, ifungwe. Ikiyaweza, abiria wafike, kisha ifungwe kama bado haistahili leseni. Badala yake mlango ulifungwa wakati watu wamesimama na mabegi. Na Jumapili ya tarehe 23 Desemba, wiki ileile, taifa likaipokea kwa shangwe Airbus A220-300 ya kwanza ya shirika la taifa, Air Tanzania (ATCL), viti 132. Kufufuliwa kwa ATCL ni kazi nzuri na naiheshimu. Ila ndege iliyopokelewa Jumapili haimbebi mwenye tiketi ya kampuni nyingine siku ya Jumatatu, na hakuna aliyetangaza mpango wa namna hiyo.

Sasa, kwa nini jambo hili liwaume watu wa Katindiuka na Ifakara, hapa bonde la Kilombero, ambako hakuna ndege ya Fastjet iliyowahi kutua? Kwa sababu ya namna bei ya kiti inavyotengenezwa. Ndani ya ndege moja, daraja moja la kawaida, kuna bei nyingi zilizopangwa kwa herufi, na kila herufi ina idadi yake ya viti. Herufi za chini huuzwa kwanza, zikiisha mfumo unapanda kwenye herufi inayofuata, na wiki ya Krismasi shirika hutenga viti vichache mno kwenye herufi hizo za chini, kwa kuwa linajua ndege itajaa. Kwa hiyo punguzo la kweli la sikukuu ni moja tu, kulipa kabla herufi za chini hazijaisha. Ushauri wa kusubiri ofa ya dakika ya mwisho, ambao baadhi ya mawakala wetu wameushikilia kwa miaka, una maana kwa ndege ya Februari inayoondoka nusu tupu. Kwa ndege ya tarehe 20 Desemba ushauri huo ni hasara, na nimechoka kuusikia.

Na bonde la Kilombero lina sababu yake ya pili, iliyo nzito kuliko ya kwanza. Hapa fedha ina msimu. Mpunga unavunwa kuanzia Mei hadi Julai. Wakati huo gunia lipo, mnunuzi yupo, na kaya ambayo ina mtoto masomoni au ndugu Johannesburg au Muscat inaweza kutoa fedha ya tiketi kwa mkupuo. Ikifika Desemba, mvua zinaanza, trekta linataka kulipwa, mbegu na vibarua vinataka fedha, na akiba ya mavuno imekwisha kwenda. Mwenye mshahara wa mwezi anaweza kuchagua kukata tiketi Julai au Novemba. Mkulima wa mpunga hana uchaguzi huo, Julai ndiyo nafasi yake. Tiketi ya mapema kwake ni mkopo anaoupa shirika la ndege kwa miezi mitano, bila riba na bila dhamana. Uamuzi wa Desemba 2018 uliwaonyesha watu wa aina hiyo nchi nzima kwamba mkopo wao hauna mlinzi. Aliyekuwa mwangalifu akalipa mapema alibaki chini. Aliyechelewa, akanunua kwa bei ya juu kwenye shirika lingine, alisafiri. Huwezi kufundisha watu somo baya zaidi ya hilo kuhusu kununua mapema.

Nawakumbuka Fastjet wa miaka ya mwanzo kwa sababu wao ndio waliofundisha somo lililo kinyume. Waliruka mara ya kwanza Novemba 2012, nauli ikianzia Sh32,000 kabla ya kodi, na waliweka wazi kanuni ambayo mashirika yetu yalikuwa yakiificha: ukikata mapema unalipa kidogo, ukichelewa unalipa zaidi, begi la kupakia lina bei yake. Walipokea malipo kwa simu, na hilo peke yake liliwaingiza sokoni watu wasio na kadi ya benki. Oktoba 2013 wakafika Johannesburg, 2014 wakafika Lusaka na Harare, Januari 2016 wakaingia Nairobi baada ya kusubiri kibali kwa muda mrefu, nauli ikianzia dola 50 kabla ya kodi. Tangu wakati huo sijaona shirika lililojaribu kwa dhati kuuza anga ya nje kwa mtu wa kipato cha kati kutoka Dar es Salaam. Wapo wanaouza vizuri, Ethiopian wana mtandao usio na mfano, lakini hao wanauza muunganiko wa safari. Ile nauli ya mtu anayesafiri kwa mara ya kwanza hawaiuzi.

Nitajibiwa kwamba Fastjet ya 2018 haikuwa ile ya 2014. Ni kweli. Mtandao wa nje ulianza kupunguzwa 2016, ndege kubwa za A319 ziliondolewa, hasara zilirundikana, na wenye hisa wa nje walikwisha kuamua kuondoka. Kampuni ilikuwa inakufa, na mdhibiti hakuiua. Lakini hoja yangu haihusu kuiokoa kampuni. Mgonjwa wa namna hiyo huwekewa utaratibu wa kufa bila kuwavuta wengine, na utaratibu huo ni kazi ya mdhibiti peke yake, kwa kuwa ndiye anayeziona hesabu za kampuni kabla ya abiria. Kama madeni yalikuwa yakijulikana, na ndege imebaki moja, marufuku ya kuuza tiketi za Desemba ilipaswa kutoka Septemba au Oktoba. Kuacha zikauzwa hadi Desemba, kisha kuzuia zisitumike, ni kuwatoza abiria gharama ya uzembe wa usimamizi.

Nitajibiwa pia kwa hoja ya usalama, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, na siichukulii kwa wepesi. Ndege isiyo salama isiruke, hata kama ni mkesha wa Krismasi. Ila hoja ya usalama inahusu ndege fulani, marubani fulani, matengenezo fulani, na hujibiwa kwa ukaguzi. Hoja iliyosikika zaidi hadharani kuhusu ile Boeing ya kukodi ilikuwa deni. Deni haliifanyi ndege ianguke. Nchi inayotaka neno usalama liheshimiwe haipaswi kuliacha lifunike mabishano ya ankara, kwa maana siku litakapohitajika kweli watu watalishuku. Desemba 13, 2024, Umoja wa Ulaya ulipoiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, wengi hapa waliona ni siasa tu. Sehemu ya wepesi huo wa kushuku tuliijenga wenyewe.

Mfano wa kufunga kampuni kwa heshima ulikuwepo, tena wa karibu. Oktoba 2, 2017, shirika la Monarch la Uingereza lilianguka, likawa na abiria takribani 110,000 nje ya nchi. Mamlaka yao ya anga ilikuwa imekwisha kuandaa ndege za kukodi kabla ya tangazo, na ikawarudisha wote, waliokuwa na kinga ya ATOL, mpango wa Uingereza wa kuwalinda wasafiri kampuni inapoanguka, na wasiokuwa nayo. Ni haki kusema kwamba waliokuwa bado hawajaondoka hawakubebwa, wengine walidai fedha zao kwa njia ndefu. Na Uingereza ina fedha ambazo sisi hatuna. Lakini ndege za akiba ziliandaliwa kabla ya tangazo, na utaratibu huo hauhitaji utajiri, unahitaji mtu wa kuuliza swali moja mapema: hawa wenye tiketi tunawapeleka wapi?

Kuna mambo mawili ya zamani ambayo siwezi kuyaacha, kwani yanabana pale pale. La kwanza ni ada ya dola 40 anayotozwa kila abiria anayetoka kwenda nje, nje ya tozo nyingine. Kwenye tiketi ya London haionekani sana. Kwenye nauli ya dola 50 ya Nairobi ilikuwa karibu kuizidisha mara mbili, na shirika lolote la bei nafuu linaanza mbio likiwa na mzigo huo. La pili ni soko la pamoja la anga la Afrika, lililozinduliwa Addis Ababa Januari 28, 2018, kwa nchi 23. Kenya na Rwanda walikuwemo, Tanzania haikuwemo. Sababu iliyozoeleka ni kulilinda shirika la taifa. Lakini uchambuzi uliofanywa kwa ajili ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, mwaka 2014 ulionyesha kwamba ruti ya Johannesburg na Lusaka ilipofunguliwa kwa shirika la bei nafuu, nauli zilishuka kwa asilimia 38 na abiria wakaongezeka kwa kiwango hichohicho. Mwaka tuliojitenga na soko hilo ndio mwaka tulioipoteza Fastjet, na viti vikipungua mkulima hana ujanja wowote wa kompyuta utakaomrudishia.

Kwa hali hiyo, anayekata tiketi ya Desemba kutoka Ifakara anapaswa kuijenga safari kwa kujihami. Asafiri kinyume cha mkondo: Desemba watu wa ughaibuni na watalii wanakuja huku, na kutoka Afrika Kusini umati unapanda kaskazini, kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam tarehe 23 au 24 na kurudi baada ya wimbi la wanaorejea makazini Januari anakutana na viti vilivyolegea. Safari zote ziwe ndani ya tiketi moja, hata kama mbili tofauti zina unafuu wa dola kadhaa, kwa sababu kwenye tiketi moja ndege ya kwanza ikichelewa shirika linawajibika kumfikisha mwisho, na kwenye mbili hakuna wa kumdai. Afike Dar es Salaam siku moja kabla. Na fedha ya Julai iende kwa shirika ambalo lina ndege nyingi na makubaliano na mashirika mengine, ingawa hilo mara nyingi si lile la bei ya chini kabisa. Tofauti hiyo ya bei ni bima anayoilipa mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeiweka.

Bima hiyo ingeweza kuwekwa. Uingereza hukusanya pauni 2.50 kwa kila msafiri aliye chini ya ATOL. Sisi hatuhitaji kuongeza hata senti. Katika dola 40 ambazo kila abiria wa nje analipa tayari, zitengwe dola mbili ziwe mfuko wa kuwabeba au kuwarudishia fedha wenye tiketi za shirika lililofungiwa, na uangaliwe na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo liliundwa kuwasemea abiria. Iandikwe pia kwenye kanuni kwamba notisi ya kufuta leseni ya shirika linalobeba abiria itoke pamoja na mpango wa tiketi zilizokwisha kuuzwa, na kwamba marufuku ya kuuza tiketi za msimu wa sikukuu, ikiwa lazima, itangazwe kabla ya Oktoba, wakati mwenye fedha ya mpunga bado anazo za kukatia kwingine.